Mkebe wa Ndengu Ulioutoa Sandukuni

Kwa Nanjala, binti yangu,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Umetoka hapa muda si mrefu umenuna, umeenda Gatwekera kumuaga shangazi yako Rispa, na mlango umeufunga kwa nguvu mpaka mabati yakalia. Sijakasirika. Haya, nimekasirika kidogo. Nimevuta meza karibu na dirisha kabla mwanga haujaisha, nikasema moyoni, huyu mtoto kesho anapanda lori la Lodwar na mimi kwa mdomo nimeshindwa. Nikiongea nafoka, na nikifoka wewe unanyamaza, kisha hakuna tena cha kuongea. Wacha niandike.

Mambo ya kufunga mlango, kusali, kuweka akiba na kuwaepuka wanaume wenye maneno matamu sitayaandika. Hayo yote shangazi yako anakumwagia sasa hivi, na ninavyomjua hatasaza hata moja. Mimi nataka kuongea juu ya mkebe. Ndiyo, mkebe! Usiitupe barua. Ule mkebe wa mafuta ya kupikia nilioutoboa matundu chini kwa msumari, pamoja na kile kitambaa cheupe cha mfuko wa unga. Asubuhi niliuweka katikati ya nguo zako, nawe ukautoa sandukuni, ukausukuma chini ya meza ukasema, "Baba, hiyo kitu siwezi. Na wewe unajua siwezi."

Najua. Hakuna anayejua kuliko mimi. Lakini nakumbuka pia alivyokuambia yule mwalimu wa huko mliyekutana ofisini ulipoenda kuchukua barua ya kazi ya ualimu. "Nyama iko, maziwa iko, mboga sahau." Akasema mwisho wa muhula akipiga mswaki anatema damu. Ulinisimulia ukicheka. Mimi sikucheka, na tangu siku hiyo usingizi wangu si usingizi. Mboga iko, Nanjala! Inaota ndani ya mkebe, bila shamba na bila mvua, kwa kikombe cha ndengu na maji kidogo. Nimeikuza humu chumbani Kawangware miaka yote hii. Halafu wewe, mtoto wa nyumba hii, uende ukakae kwenye ukame ule fizi zikitoka damu, kwa sababu ya kosa nililofanya mimi ukiwa darasa la pili? Hilo ndilo linaloniuma, na sasa nimelisema wazi.

Hadithi yenyewe unaijua nusu. Nusu nyingine ulikuwa mgonjwa. Basi nisikilize.

Wewe ulizaliwa wakati wa njaa. Ndiyo maana mama yako akakuita Nanjala, kama watu wetu wanavyowaita wasichana waliozaliwa miezi ghala zikiwa tupu. Mama yako alipofariki, nikakutoa Bungoma nikakuleta hapa kwenye ploti ya Mama Kamau, chumba hiki hiki kimoja. Nikaapa kwamba hilo jina litabaki jina tu. Hutalala njaa hata siku moja maadamu mimi napumua. Nilikuwa kijana mwenye maneno makubwa.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Westlands, nyumbani kwa mama mmoja wa Kihindi tuliyemwita Mama Kanta. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuosha madirisha na sufuria. Siku moja nikamwona analoweka ndengu kwenye bakuli. Baada ya siku chache nikamwona anafungua kitambaa cheupe, ndani yake ndengu zile zile zimechanua, nyeupe, nene, zina mikia mirefu. Akazikamulia ndimu, akatia chumvi na kitunguu, akanipa nionje. Nanjala, ilikuwa tamu! Inalia mdomoni, kra, kra. Nilirudi Kawangware kwa miguu najichekea peke yangu njiani. Kumbe Wahindi nao wanakula kimea!

Hapo ndipo neno liliponidanganya. Kwetu kitu chochote kilichooteshwa ndani ya nyumba kinaitwa kimea, na kimea mimi nakijua tangu utotoni. Bibi yako alikuwa anatengeneza, na shangazi yako Rispa kule Gatwekera anatengeneza mpaka leo, ingawa Jumapili kanisani hutaja biashara ya mandazi peke yake. Unaloweka wimbi, unatia kwenye gunia, unafunika vizuri, unaliweka mahali penye joto na unaliacha. Hiyo ndiyo sheria: unaliacha. Mizizi ikishashikana, harufu ikaanza kuwa chachu, watu wanatikisa kichwa wanasema, naam, kimekubali. Kisha kinaanikwa, kinasagwa, kinaingia kwenye busaa, ile pombe yetu. Sasa mimi nikamwone Mhindi na kitambaa chake, nimuulize nini? Nimuulize kimea, mimi mtoto wa Kibukusu? Aka!

Nikaenda kwa Rispa, nikaomba gunia. Alinipa lake la kazi, lile la wimbi. Nikaloweka ndengu kwa maji ya bombani, yale ya kununua kwa debe, bila kuyachemsha. Nikazitia guniani, nikalisukuma chini ya kitanda karibu na jiko, nikafunika kwa koti langu kuukuu. Na nikaliacha, kama nilivyofundishwa.

Baada ya siku kadhaa Mama Kamau akaja kugonga mlango. Wewe unamkumbuka alivyokuwa enzi hizo, kabla magoti hayajamsumbua, mama wa kanisa asiyetaka hata kusikia neno busaa kwenye ploti yake.

"Baba Nanjala! Fungua hapa! Unapika pombe kwa ploti yangu?"

"Pombe gani, Mama? Ni mboga."

"Mboga?" Akaingia, akainama mpaka chini ya kitanda, akavuta pua. "Ngai! Mboga gani inanuka hivi? Hii ni busaa. Mimi harufu ya busaa naijua."

"Hiki ni chakula cha Wahindi, Mama."

"Basi wapelekee Wahindi!"

Nilicheka sana. Jioni nzima nilikuwa pale bombani nawasimulia watu, nikiigiza sauti yake, na watu wakashika mbavu. Huyu mama, nikasema, hata uji ukichelewa kunywewa ataita polisi.

Kesho yake nikafungua gunia. Ndengu zilikuwa zimeshikana, zinateleza kidogo, na ile harufu chachu ilikuwa imepanda sawasawa. Nikafurahi. Nikasema, naam, kimekubali! Nikatia ndimu, chumvi na kitunguu, kama nilivyomwona Mama Kanta. Nikakuwekea kwenye bakuli lako la bati lenye ua. Ukaliinua, ukanusa, ukakunja uso.

"Baba, inanuka."

Nikakuambia, na maneno haya ningeyatafuna na kuyameza kama ingewezekana, "Kula. Mtu anayeitwa Nanjala hachagui chakula."

Ukala. Ulikuwa mtoto mtiifu, ukala yote.

Mimi tumbo liliniunguruma tu. Wewe kesho yake ulianza kutapika, kisha kuharisha, kisha ukawa hutaki hata kulia. Macho yalikuingia ndani. Nilikuita ukawa unaniangalia kama mtu anayekumbuka jina langu kwa shida. Mama Kamau akasikia, akaja mbio, akakuangalia mara moja tu. Alivua shuka lake la mabegani, akakufunga mgongoni kwangu, tukatoka naye kwenye mvua na lile tope la hapa tunalolijua, yeye mbele akinionyesha pa kukanyaga.

Kwenye zahanati nesi akaniuliza, "Amekula nini?"

"Kimea," nikasema.

Akaweka kalamu chini. "Umempa mtoto busaa?"

"Si busaa, sista. Ni kimea tu."

"Kimea cha nini?"

Sikuwa na neno lingine! Nilisimama pale na maji yakinichuruzika, watu kwenye benchi wakinitazama kama baba anayenywesha mtoto wake pombe, na sikuwa na neno lingine la kusema. Mama Kamau ndiye aliyenitetea. Akasema, "Hapana, sista. Huyu hanywi. Huyu ni mjinga tu."

Mpaka leo hakuna aliyewahi kunitetea vizuri kuliko hapo.

Walikupa maji yaliyochemshwa, yenye chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Mimi nilishika kijiko, Mama Kamau akashika kichwa chako. Ulipoomba uji kwa sauti yako mwenyewe nilitoka nje nikalia nyuma ya choo cha zahanati, na sioni haya kukuandikia. Na unajua, yule mama hakuwahi kuniambia, "Si nilikuambia?" Hata mara moja. Nilitamani aseme ili niudhike kidogo. Tuliporudi, alikuwa amemtuma Kamau kulichoma lile gunia, na hiyo ikawa basi.

Lakini kuna kitu kilibaki. Tangu siku hiyo, Nanjala, wewe unanusa. Unanusa mkate, unanusa chai, unanusa hata ndizi usiyoimenya. Kwenye harusi ya binamu yako, mbele ya wazee, uliinua sahani ya pilau mpaka puani, nami nikakufinya chini ya meza. Nikakugombeza njia nzima, nikasema unaniaibisha, watu watadhani nimelea mbwa. Sikukuambia ukweli wake. Ukweli ni kwamba kila unapoinua chakula nilichopika mimi ukakinusa, nasikia, "Baba, inanuka," na najisikia nikikujibu yale maneno yangu. Nilikuwa nafoka kwa sababu niliumia.

Sasa utauliza, kama uliumia hivyo, kwa nini ulirudia ndengu? Ni Mama Kanta aliyenirudisha. Siku moja aliniuliza mbona siku hizi napita kitambaa chake kama naogopa nyoka. Nikamweleza yote, mpaka gunia. Woi! Alipandisha sauti nyumba nzima ikasikia.

"Wewe napika pombe, halafu nakula kama mboga?" akaniuliza. Kiswahili chake unakikumbuka. "Nani alisema acha? Mimi naosha asubuhi, naosha jioni, kila siku!"

Mimi nilikuwa nimeona mwanzo na mwisho. Nilimwona anapoloweka, nikamwona anapokula. Katikati sikuona. Asubuhi alikuwa anaosha kabla sijafika, na jioni anaosha nimeshashika njia ya Kawangware. Ile katikati nisiyoiona nikaijaza kwa gunia la Rispa. Nanjala, maisha yangu mengi nimeyaharibu namna hiyo, si ndengu peke yake. Namwona mtu anavyoanza, namwona anavyofanikiwa, halafu ile katikati najijazia mwenyewe kwa yale niliyozoea. Unaenda kwa watu ambao kila kitu chao ni kigeni kwako. Ukiona wanafanya jambo linalofanana na la kwetu, usiseme nalijua. Kaa uone katikati.

Basi Mama Kanta akanikalisha nione. Na mimi nikaja hapa nikaharibu tena mara nyingi, maana kichwa changu ni kigumu. Mkebe wa kwanza sikuutoboa, maji yakatuama, ndengu zikaoza. Wa pili nikauweka dirishani juani, zikakauka na kuwa chungu. Kisha jirani aliyetoka kwao kupanda akaniletea maharagwe yaliyobaki, mazuri, mekundu yanang'aa. Nikajisemea, mbegu ya kupanda ndiyo bora, si imetengenezwa iote? Nilipoyaloweka maji yakageuka kuwa ya waridi na mikono yangu pia. Ilikuwa dawa ya wadudu iliyopakwa mbegu! Nilichimba shimo nikayafukia, na mikono nikaisugua kwa sabuni mpaka ikawasha. Kwa hiyo usije ukatumia mbegu ya duka la kupandia, hata ukiikuta nzuri namna gani. Nunua ndengu za kula, zile za gunia la sokoni, halafu uzichambue, iliyovunjika na iliyotobolewa utoe.

Ukizipata, yachemshe maji kwanza, uyaache yapoe, ndipo uloweke usiku mmoja. Huko maji ni ya kisima au ya mto, kwa hiyo usione uvivu. Mkebe wenyewe uumwagie maji yanayochemka kabla hujautumia, na kitambaa ukichemshe, na mikono uioshe kama unayeenda kumshika mtoto mchanga. Ukishazimimina mkebeni zile ulizoloweka, ziache zichuje kabisa, funika kwa kitambaa, weka kivulini penye hewa. Kisha asubuhi na jioni unamwagia maji safi, unatikisa, unayaacha yatoke yote. Huko kuna joto kuliko hapa, kwa hiyo mchana pia osha, ukitoka darasani. Utaona kwenye mizizi kuna manyoya meupe, madogo sana. Mimi mara ya kwanza niliyaona nikamwaga mkebe mzima nikidhani ni ukungu. Manyoya ya mzizi ukiosha yanalala, yanapotea. Ukungu hauondoki, unashika huku na huku kama utando. Huo usiubembeleze, tupa.

Na upike. Mama Kanta anakula mbichi, yeye na tumbo lake. Mimi sili mbichi tena. Yule nesi aliniambia jambo ambalo limekaa kichwani mwangu, kwamba ule unyevu na joto vinavyoamsha ndengu vinaamsha na uchafu, na uchafu mwingine umejificha ndani ya mbegu yenyewe tangu shambani, kuosha hakuufikii. Kwa hiyo kaanga kitunguu, tia ndengu na maji kidogo, funika zichemke vizuri mpaka mvuke utoke kila upande. Ile kra kra inapungua, kweli, lakini unalala salama. Na watoto wako wa shule, wakikuzunguka wakiomba, wape zilizoiva tu. Pika za kuliwa siku hiyo, maana huna friji, na lori la barafu halifiki huko. Maharagwe makubwa usiyafanye hivi kabisa, yapike kama maharagwe. Mtama nao muachie shangazi yako na kimea chake, mche wake mchanga una sumu, hata ng'ombe unamuua.

Ona sasa, nimesema sitatoa maagizo na nimejaza karatasi! Nisamehe. Mengine nimekosa namna ya kuyasema ila kwa njia ya ndengu.

Ninachotaka kukuambia hasa ni cha wiki iliyopita. Unakumbuka nilikuwa na mafua. Nilikuwa nimeshaosha ndengu, sufuria iko motoni, nataka kuzimimina. Wewe ulikuwa mlangoni unapiga pasi nguo zako za safari. Hukusogea hata hatua, ukainua kichwa ukasema, "Baba, hizo mwaga."

"Kwa nini? Nimeziosha asubuhi."

"Mwaga tu, Baba. Si poa."

Nikaudhika. Nikaweka pua yangu pale, sikusikia kitu. Nikachota kiganjani. Zilikuwa zinateleza, Nanjala. Kidogo sana, lakini zinateleza. Nilikuwa nimesahau kuziosha jioni iliyotangulia. Nikazimwaga, nikakaa kwenye kigoda, na wewe ukaendelea kupiga pasi kama hujafanya lolote.

Miaka yote nilidhani hiyo pua yako ni alama ya kosa langu, ambayo unatembea nayo ili nisisahau. Kumbe mtoto wa darasa la pili aliinua bakuli, akasema ukweli kwa maneno mawili, na mtu mzima mwenye kimea chake kichwani akamnyamazisha. Pua yako haikukosea siku ile. Mimi ndiye niliyekosea, na ulimi wangu. Wewe hukuugua kwa sababu ndengu ni mbaya. Uliugua kwa sababu hukusikilizwa.

Kwa hiyo mtu wa kubeba mkebe huu ni wewe kuliko mimi. Mimi natumia kumbukumbu, na kumbukumbu inapata mafua. Wewe nusa. Nusa chakula, nusa maji, nusa na maneno ya watu. Mbele ya wazee, mbele ya mwalimu mkuu, kwenye harusi, inua sahani unuse, na atakayekufinya chini ya meza mwambie baba yako ameruhusu. Na siku mtoto mdogo atakapokuambia, "Mwalimu, hii si sawa," weka chaki chini umsikilize kwanza.

Kwenye jiko kuna ndengu nilizoziamsha kwa ajili ya leo. Nimeziosha kila wakati wake, sikusahau. Zimeshaiva, nimezifunika. Hutakula, najua, kuna ugali na mayai pembeni. Nimezipika tu kwa sababu ni jioni yako ya mwisho na sijui mikono yangu ifanye nini.

Mwanga umeisha na nasikia unamsalimia Mama Kamau uani. Ngoja nifiche hii.

*

Nimerudi. Wewe uko nje unaosha vyombo, na mimi nimewasha taa niimalizie kabla hujaingia.

Uliingia bado umenuna, ukanipa salamu za Rispa, ukaketi. Nikasema chakula kiko tayari. Ukafunua sufuria ya ugali, ukafunua ya mayai. Kisha ukafunua ya tatu. Uliinama ukaweka uso wote kwenye mvuke, ukanusa, ukanusa tena, na mimi hapa nimeshika kijiko kama mtu anayesubiri hukumu kortini. Ukachota. Ukala. Ukatafuna polepole ukiangalia ukuta.

"Baba," ukasema, "umesahau chumvi."

Nilisimama nikajifanya naitafuta, na ilikuwa mbele yangu mezani. Nilikupa mgongo mpaka uso wangu ukatulia. Ukatia chumvi mwenyewe, ukachota tena, na sufuria ikaisha.

Sasa nakuchungulia hapa dirishani. Umemaliza sahani. Umekuja ukaingiza mkono chini ya meza bila kuniangalia, ukautoa mkebe, na uko nao nje. Umechemsha maji kwenye birika. Unaumwagia mkebe yanayochemka, unauzungusha, unauinamisha matundu yachuje. Kitambaa umekitumbukiza ndani ya maji ya moto kwanza, kisha unakikamua. Unafanya sawasawa, kila kitu mahali pake, na barua hii hujaisoma bado. Kumbe miaka yote, ukiwa umenipa mgongo na vitabu vyako, ulikuwa unaona. Tena uliiona katikati yote.

Basi sina la kuongeza, mwalimu. Makosa ya herufi ulizonifundisha mwenyewe utayasahihisha, lakini usitumie kalamu nyekundu. Nenda salama. Chumvi nimeiweka sandukuni, upande wa kulia, pale nilipoachia mkebe nafasi.

Baba yako